Barua ya wazi kwa waliobadilisha mfumo usiku mmoja

YAH: KUONDOLEWA KWA MWONEKANO WA ZAMANI WA MFUMO WENU WA MAOMBI

Ndugu Wasimamizi,

Tafadhali rejeeni kichwa cha habari hapo juu.

Nina steshenari ndogo mjini Masasi, hatua chache kutoka stendi. Ina kompyuta nne, printa mbili na mashine ya fotokopi. Madaftari na kalamu nauza, picha za pasipoti napiga, lakini kwa miaka tisa sasa kinachonilisha ni kuwajazia watu maombi mtandaoni. Anakuja kijana aliyemaliza kidato cha sita, anakuja mama anayetaka kontroo namba akalipe ada, anakuja mkulima wa korosho aliyeambiwa ofisini kwamba siku hizi kila kitu ni kwenye mfumo. Wengi wao wana simu, ila si kila mwenye simu ana simu janja, na si kila mwenye simu janja ana ujasiri wa kubonyeza kitu ambacho akikosea anahofia kupoteza nafasi au hela.

Taasisi yenu siitaji. Ninayoyaandika yanawahusu wengi wenye dhamana kama yenu, na ningependa kila mmoja aisome barua hii kama iliyoandikwa kwake.

Pale kaunta nina kauntabuku moja limechakaa pembe. Ndani yake niliandika hatua zote za mfumo wenu wa zamani. Hatua ya 1, bonyeza neno Ingia, juu kulia. Hatua ya 4, ukifika ukurasa wa wazazi usiache nafasi tupu hata kama mzazi ni marehemu, andika alama ya mkato katikati. Hatua ya 7, picha isizidi KB 200, vinginevyo itakataliwa na hutaambiwa kwa nini. Hatua ya 11, ukishabonyeza Wasilisha usiguse kitu, subiri duara lizunguke mpaka liishe, hata kama ni dakika tano, maana ukibonyeza mara ya pili utapewa kontroo namba mbili na hutajua ulipie ipi. Hatua ziko kumi na sita. Hakuna aliyenifundisha hata moja. Nilizijua kwa kukosea, na makosa mengine yaliwagharimu wateja wangu nauli za kurudi mara mbili mbili.

Walimu wa sekondari za vijijini walizipiga fotokopi kurasa hizo wakazibandika kwenye mbao za matangazo. Mwenzangu mwenye duka Nachingwea alizinakili kwa mkono. Kuna vijana walioingia vyuoni wakiwa wamejaza maombi yao wenyewe, kwa simu ya kaka au ya jirani, karatasi hiyo ikiwa mezani. Nawaeleza haya mpate kuona kitu ambacho kwenye kompyuta zenu hakionekani. Mfumo mliutengeneza nyinyi, lakini njia ya kupita ndani yake tuliichonga sisi, na mpaka mwaka jana ilikuwa inajulikana na watu wengi sana katika wilaya hii ambao hamjawahi kuwaona.

Jumatatu moja katikati ya msimu wa maombi nilifungua duka saa moja na nusu asubuhi kama kawaida. Mfumo niliouacha Jumamosi jioni haukuwepo.

Anwani ilikuwa ile ile, nembo ile ile, lakini neno Ingia halikuwepo. Mahali pake palikuwa na kichoro cha kichwa cha mtu ndani ya duara. Orodha ya huduma, ambayo ilikuwa imejipanga kushoto kwa maneno ya Kiswahili, ilikuwa imeingia ndani ya mistari mitatu iliyolala. Endelea imekuwa mshale. Kiswahili chenyewe kimejificha nyuma ya kichoro cha tufe la dunia, na hata ukikipata, ujumbe wa kosa bado unakuja kwa Kiingereza kwa herufi nyekundu. Na kitufe cha Hifadhi, ambacho kwangu ndicho kilikuwa moyo wa mfumo ule, hakikuwepo kabisa.

Mistari ile mitatu nimesoma kwamba iliwahi kuchorwa na Norm Cox kwa ajili ya kompyuta ya Xerox Star ya mwaka 1981. Ina umri mkubwa kuliko wateja wangu wengi, na kwa anayeijua ni rahisi kuliko neno. Lakini kwa mtu ambaye mlango wake wa kwanza wa intaneti ulikuwa huu mfumo wenu, mistari mitatu ni mistari mitatu tu. Niliwaona watu wakiitazama kama wanavyotazama pambo la kanga.

Siku ile ile alifika kijana kutoka Ndanda. Ijumaa tulikuwa tumejaza maombi yake hadi nusu, tukayahifadhi kwa sababu alikosa cheti kimoja, akarudi nyumbani kukitafuta. Jumatatu amekuja na cheti mkononi, kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni kisilowe, na maombi yake hatuyaoni. Tulihangaika saa mbili. Baadaye tukayakuta chini ya jina jipya kabisa, ndani ya ukurasa ambao kuufikia lazima ubonyeze kile kichoro cha kichwa kwanza. Tukaendelea. Tulipofika ukurasa wa tatu umeme ukakatika. Ulipowaka, kila tulichoandika kwenye ukurasa ule kilikuwa kimefutika, kwa kuwa mfumo mpya unahifadhi wenyewe pale tu unapomaliza ukurasa mzima, na kurasa zenyewe mmezirefusha zikawa kama mkeka. Alilala kwa shangazi yake mjini. Jumatano ndipo alipofanikiwa kuwasilisha, siku mbili kabla ya dirisha kufungwa.

Huyo alifanikiwa, nawashukuru. Lakini aliyeniuma zaidi ni mama mmoja wa makamo, mfanyabiashara wa dagaa hapa sokoni. Kwa miaka mitatu alikuwa akija kwangu kila robo mwaka nimtolee kontroo namba. Mwaka wa nne akaniambia nimfundishe. Tulikaa jioni tatu, yeye na simu yake yenye kioo kilichopasuka, mimi na kauntabuku langu, mpaka akajua. Robo tatu zilizofuata alijifanyia mwenyewe, na kila alipopita mbele ya duka alinionyesha simu kwa mbali, anacheka. Baada ya mabadiliko yenu nilimwona amesimama kaunta, simu ameiweka kifudifudi. Akasema, "Mwanangu, nimerudishwa darasa la kwanza." Nikamtolea namba, akanilipa elfu mbili, na sikufurahi kuipokea.

Mkikaa kwenye vikao vyenu mtaambiwa kwamba wanaolalamika ni watu wa steshenari, kwa sababu mfumo rahisi unatuondolea riziki. Naomba msiamini hilo. Mabadiliko yenu yameniongezea wateja. Naandika barua hii wakati meza yangu imejaa.

Nilipiga namba yenu ya huduma kwa wateja. Nilisubiri muda mrefu na kijana aliyepokea alikuwa na adabu, simlaumu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mtazoea tu, dada."

Neno hilo nimelifikiria sana, na jioni baada ya kufunga duka nimekuwa nikisoma kuhusu mabadiliko ya namna hii kwingineko duniani, kwa kuwa nilihisi hatuwezi kuwa wa kwanza. Nimegundua kwamba watu wa kazi yenu mna kisa kinachowapa faraja. Septemba 2006 Facebook ilileta News Feed, ule ukurasa unaokukusanyia habari za marafiki zako mahali pamoja. Watumiaji waliwaka. Kundi la kuipinga lilipata wanachama mamia ya maelfu kwa siku chache. Leo ukiiondoa News Feed hakuna Facebook. Kwa hiyo, inasemwa, watu hupiga kelele, wakazoea, wakasahau.

Kisa hicho kikisimuliwa hivyo kinakuwa kimekatwa kiuno. Ndani ya siku zile zile chache Mark Zuckerberg aliandika hadharani akakiri kwamba walikosea namna walivyoileta, na mipangilio ya faragha ikaongezwa ili mtu aamue kipi kionekane. Watu walizoea kitu kilichokwisha kurekebishwa baada ya kusikilizwa. Mimi ningefurahi sana nikizoeshwa kwa namna hiyo.

Na kuna kisa cha Digg, ambacho sidhani kama kinasimuliwa vikaoni kwa wingi kama kile. Agosti 2010 tovuti hiyo ya kushirikishana habari, mojawapo ya tovuti kubwa za aina yake Marekani, ilizindua toleo lake la nne. Likaondoa mambo ambayo watumiaji waliyategemea, likiwemo la kuizika habari mbaya kwa kura, na halikuacha njia ya kurudi kwenye toleo la tatu. Watumiaji wakajaza ukurasa wa mbele wa Digg kwa viungo vya kuelekea Reddit, mshindani wake, kisha wengi wakaenda huko huko. Mwaka 2012 Digg iliuzwa kwa bei iliyoripotiwa kuwa takriban dola 500,000. Reddit, ambayo ilipokea wakimbizi wale, ilipofika zamu yake ya kubadilisha mwonekano mwaka 2018, iliacha ule wa zamani kwenye anwani yake ya pembeni, old.reddit.com. Anayeutaka anaukuta hapo.

Sasa hapa ndipo ninapowaomba mnisikilize kuliko mahali pengine popote katika barua hii. Waliochukizwa na Digg walikuwa na pa kwenda, na kuondoka kwao kulionekana kwenye takwimu, kukawa ni sauti. Kijana wa Ndanda hana pa kwenda. Hakuna taasisi ya pili inayotoa huduma mnayotoa nyinyi. Hata mngeandika mfumo wote kwa lugha isiyojulikana, idadi ya maombi ingekaribia kuwa ile ile, kwa sababu watu wangelala kwa mashangazi, wangelipa steshenari, wangekopa nauli, mpaka wamalize. Kwa hiyo mnapotazama ripoti na kuona maombi hayajapungua, naomba msiisome kama ishara ya kuridhika. Ripoti hiyo inaonyesha tu kwamba huduma yenu ni ya lazima. Gharama haikuonekana kwenu kwa kuwa ililipwa huku kwetu, kwa nauli na kwa siku za kazi zilizopotea.

Takwimu zinaweza hata kudanganya kinyume. Mhandisi Chris Zacharias, aliyekuwa YouTube, aliwahi kueleza mwaka 2012 jinsi alivyopunguza uzito wa ukurasa wa video kutoka zaidi ya MB 1 hadi kuwa chini ya KB 100. Alipoujaribu kwa watumiaji, wastani wa muda wa kufunguka ukapanda badala ya kushuka, akadhani amevuruga. Walipochambua wakakuta wametokea watazamaji wapya kutoka Afrika, Kusini-Mashariki mwa Asia, Amerika ya Kusini na hata Siberia. Kwao ukurasa wa zamani ulichukua hadi dakika ishirini, kwa hiyo walikuwa hawaufungui kabisa. Sasa unawachukua dakika mbili, wakaona inawezekana, wakaja. Kabla ya hapo hawakuwa wakihesabiwa. Nilisoma habari hiyo mara mbili, maana nilikuwa nimewaona watu hao, wamekaa kwenye benchi nje ya duka langu wakisubiri ukurasa wenu mpya umalize kufunguka kwa bando la MB walizobakiza.

Ukurasa wenu wa kwanza wa zamani ulikuwa na nembo, tangazo na viungo. Wa sasa una picha kubwa ya wanafunzi wanaotabasamu, na picha yenyewe inabadilika kila baada ya sekunde chache. Wanapendeza. Lakini kila tabasamu linakula bando la mtu.

Niseme na kosa langu. Kompyuta mbili kati ya nne za hapa dukani bado ni za Windows 7. Najua Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2020, na Chrome, programu ya kufungulia tovuti, ya mwisho kukubali kuingia humo ni toleo la 109, matoleo kuanzia lile la Februari 2023 hayakubali tena. Nilipaswa kuzibadilisha na nimeanza kuweka akiba. Hata hivyo ninaposafiri naona mashine za namna hii kwenye steshenari nyingi na kwenye ofisi za shule. Mfumo wa zamani ulifunguka humo bila shida. Mpya unatoa ukurasa mweupe, mtupu, hauna hata sentensi ya kumwambia mtu kwamba tatizo ni kompyuta. Mteja mmoja aliusubiri nusu saa akijua ni mtandao unasumbua.

Na kuna mwalimu mmoja asiyeona, mteja wangu wa siku nyingi, ambaye huja na kompyuta yake mpakato kwa ajili ya intaneti tu, si kwa ajili ya msaada. Anatumia NVDA, programu ya kusoma skrini inayotolewa bure, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, kijana ambaye naye haoni. Mkimtazama anavyofanya kazi mtashangaa. Anabonyeza H, sauti inaruka kutoka kichwa cha habari hadi kichwa cha habari. Anabonyeza F, inampeleka kwenye nafasi inayofuata ya kujaza. Mfumo wa zamani, kwa ubaya wake wote wa sura, ulikuwa umeandikwa kwa maneno, na maneno yanasomeka. Alikuwa anamaliza maombi haraka kuliko wengi wenye macho. Siku alipofungua mpya, ile sauti ikawa inamwambia hapa pana kitufe, hapa pana kitufe, hapa pana kitufe, pasipo kusema ni cha nini, kwa kuwa aliyechora vile vichoro hakuvipa majina huko nyuma yake. Mwalimu akavua spika za masikioni, akaniita nimshikie kipanya. Alikuwa hajawahi kuniita.

Kuvipa majina vichoro vile ni kazi ndogo kwa aliyeuandika mfumo. Anaongeza maneno mawili kwa kila kitufe, hayaonekani kwa macho, sauti inayasoma. Msipofanya lingine lolote katika haya ninayoomba, fanyeni hili wiki hii.

Si kwamba naupenda mfumo wa zamani kwa kuwa ni wa zamani. Ulikuwa na mabaya yake, na ninayajua kuliko nyinyi. Kwenye simu ilibidi mtu avute maandishi kwa vidole viwili mpaka asome. Wa sasa unajipanga wenyewe kwenye kioo kidogo, na hilo ni jambo kubwa. Zamani mtu akisahau neno la siri alitumiwa kiungo kwenye barua pepe, na nusu ya wateja wangu walikuwa wamefunguliwa barua pepe hizo na mtu mwingine, mara nyingi mimi, kwa sababu ya maombi tu. Neno la siri la barua pepe nalo wamelisahau. Sasa namba ya kuthibitisha inakuja kwa ujumbe wa simu. Aliyefikiria hilo abarikiwe, ameokoa siku nyingi za watu. Na picha ikizidi ukubwa, mfumo mpya unaipunguza wenyewe. Hatua ya 7 kwenye kauntabuku langu niliifuta kwa furaha.

Kwa hiyo ugomvi wangu na nyinyi uko kwenye namna ya kuhama. Na hapo nina kisa changu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilifungua akaunti Wikipedia ili nisahihishe makala za Kiswahili kuhusu mikoa ya kusini. Wikipedia nayo imebadilisha sura zake kwa awamu. Kulikuwa na MonoBook kuanzia 2004, ikaja Vector mwaka 2010, kisha Vector 2022, ambayo kwenye Wikipedia ya Kiingereza ikawa ndiyo ya kawaida Januari 2023. Hiyo ya mwisho ilipunguza upana wa maandishi, ikahamishia orodha ya lugha juu kulia, ikaweka yaliyomo ya makala pembeni yakufuate unaposhuka. Wahariri waligombana kwelikweli. Wengi walikereka na ule weupe mkubwa pande zote za maandishi, mpaka kikawekwa kitufe cha kupanua. Mimi nami sikuipenda. Nilizoea lugha zikiwa kushoto, nikitoka makala ya Kiswahili kwenda ya Kiingereza kulinganisha, mkono unajua bila kufikiri.

Basi nikaingia kwenye mapendeleo yangu, nikachagua Vector ya zamani. Ilikuwepo. Hata MonoBook ya 2004 ipo mpaka leo kwa anayeitaka. Nikaendelea na kazi yangu kama vile hakuna kilichotokea. Baada ya miezi kadhaa nilikuwa nahariri makala ndefu, nikachoka kupanda na kushuka kutafuta vichwa vya habari, nikakumbuka ule mpangilio mpya wa yaliyomo pembeni. Nikaujaribu jioni moja. Sikurudi tena nyuma. Nilihama kwa miguu yangu mwenyewe, siku niliyokuwa tayari, na sijawahi kuinung'unikia sura hiyo tangu hapo. Mama wa dagaa hakupewa miezi hiyo. Hakupewa hata wiki.

Natambua kwamba kuendesha mifumo miwili ni gharama, na kwamba mfumo wa zamani ukiachwa bila matunzo unaweza kuwa tundu la wezi. Siombi ubaki milele. Naomba msimu mmoja wa maombi, toka dirisha linapofunguliwa hadi linapofungwa, ambapo mpya na wa zamani vinafanya kazi pamoja, na juu ya kila ukurasa wa zamani pana maneno ya Kiswahili yanayosema tarehe utakapofungwa. Msimu ujao ukifika, fungeni, hatutalalamika. Mabadiliko makubwa yafanyeni miezi ambayo hakuna dirisha lililo wazi. Miezi hiyo mnayo kila mwaka na mnaijua.

Rudisheni Hifadhi. Huku kwetu umeme unakatika katikati ya sentensi, na kitufe kile ndicho kilichokuwa kinampa mtu usingizi.

Karibu na kila kichoro wekeni neno lake kwa Kiswahili. Nafasi ipo, nimeitazama. Ujumbe wa kosa nao uje kwa Kiswahili na umwambie mtu afanye nini, kwa kuwa aliyekosea ndiye anayehitaji zaidi lugha yake. Na anwani za kurasa za zamani, zile zilizochapwa kwenye vipeperushi na kubandikwa kwenye mbao za shule, zimpeleke mtu mahali papya badala ya kumwambia ukurasa haupo. Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti, alilihimiza hilo tangu 1998.

Jingine ni karatasi. Siku mnapozindua kitu kipya, tengenezeni ukurasa mmoja wa A4, wa rangi nyeusi na nyeupe ili fotokopi isiuharibu, wenye safu mbili. Kushoto kilichokuwepo zamani na mahali kilipokuwa, kulia kiko wapi sasa. Utumeni wiki mbili kabla kwa shule, kwa ofisi za kata na kwa sisi wa steshenari. Hiyo ingekuwa kazi ya alasiri moja kwa mtu wenu mmoja. Mimi ilinichukua majuma matatu kuiandika peke yangu kwa kubahatisha, na kuna mstari mmoja hadi leo sina hakika nao, ule wa kubadilisha jina lililokosewa. Kwenye mfumo wa zamani ulikuwa ukurasa wa pili. Kwenye mpya sijaupata. Kama upo, naomba mnijibu hilo kabla ya mengine yote, kwa kuwa nina wateja watatu wanaosubiri.

Mwisho, kabla hamjabadilisha tena, njooni mkae hapa siku moja. Simaanishi ziara yenye bango na wapiga picha. Aje yule anayechora kurasa na yule anayeziandika, wakae kwenye benchi nyuma ya wateja, wasiseme kitu, watazame vidole vinavyosita. Jumatatu ndiyo siku nzuri, watu wanashuka na mabasi ya asubuhi kutoka vijijini, na kuanzia saa tatu benchi limejaa. Wachukue moja ya zile kompyuta za Windows 7 waijaribishe kazi yao humo kabla haijafika kwa watu. Bando nitatoa mimi. Mwalimu nimeshamwambia, amesema atakuja na mashine yake, na mama wa dagaa amekubali kufunga meza yake mpaka adhuhuri.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwenye steshenari,
Masasi, Mtwara